Namba Haina Mama

Majirani zangu hapa Kilwa Masoko wamebishana miaka mingi juu ya kazi niliyokuwa nikifanya. Mama wa nyumba ya pili anaamini nilikuwa mpelelezi. Muuza mkaa anasema nilikuwa daktari wa mpira. Mjukuu wangu peke yake ndiye aliyewahi kusema kweli, tena mbele ya wageni wa arusi: "Bibi anakusanya mikojo." Jamvi zima likanigeukia, mimi nikaendelea kula pilau. Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mnaoanza kuvaa vile vizibao vya kazi mmeniomba niseme machache kabla sijasahau. Mambo ya vyeo na mishahara mtayaona wenyewe, na kuyasoma hakutawachukua muda mrefu. Mimi nitawasimulia kazi.

Nilikuwa muuguzi Lindi mjini, wodi ya wazazi, wakati wasichana walipoanza kucheza mpira na kukimbia mbio kwa wingi. Waliokuwa wakipima wachezaji kuona kama wametumia dawa za kuongeza nguvu walikuwa wanaume watupu kutoka Dar es Salaam, na sheria inasema mwanamke hushuhudiwa na mwanamke mwenzake. Wakaja hospitali kutafuta muuguzi asiyeona haya. Matroni akaninyooshea kidole mimi, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu.

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Nassoro, mwamuzi wa ngumi mstaafu, mtu mfupi mwenye sauti ya muadhini. Siku ya kwanza hakunipa kitabu. Alinipa glavu, chupa mbili za vioo, kikombe kimoja, na chai ya rangi iliyopoa ikiwa badala ya mkojo. Nikafundishwa kukaa mbali na chupa. Mchezaji achague kikombe mwenyewe, afungue mwenyewe, amimine mwenyewe, afunge mwenyewe. "Mikono yako iweke mgongoni kama mkwe aliyealikwa kula," akaniambia. "Ukigusa, kesho atasema ni wewe uliyetia dawa, na nitamwamini yeye." Kifuniko cha chupa ile kina meno. Ukikikaza kinalia ta-ta-ta, na kikishalia hakifunguki tena mpaka maabara wakikate kwa mashine yao. Nilikaza na kukaza mpaka chai ya ofisi nzima ikaisha.

Jambo la pili aliloniambia nimelibeba maisha yangu yote ya kazi. Nilimwuliza tutajuaje nani mwizi. Akakunja uso. "Sisi si wawindaji, binti. Tunamtafutia ushahidi asiye na kosa. Mwenye kosa atakutana nasi njiani."

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa ya wasichana, pale uwanja wa Lindi, na bahati nasibu ya kupimwa ilimwangukia golikipa. Kwa hofu ya kukosa mkojo akichaguliwa, alikuwa amekunywa maji tangu kipindi cha pili, na baada ya filimbi akaongeza. Hapo msiniulize kama alipata. Alipata mwingi, tena mweupe kama maji ya kisima. Nikachukua kile kidarubini cha kupimia uzito wa mkojo, nikadondosha tone, nikachungulia, na kipimo kikasema hapana, mwepesi mno, hauwezi kupimwa. Tukaanza upya. Tulimsubiri pale chumbani na miguu yake juu ya benchi, timu yake ikimpigia honi kwenye basi, mimi nikimnyang'anya kila chupa ya maji aliyoishika. Tangu siku hiyo nimewaambia wachezaji wote: mkojo hauvutwi kwa ndoo. Kunywa kwa kiasi, ukae, utakuja wenyewe.

Kuna siku zilizoniuma. Mwendesha baiskeli mmoja wa Mingoyo, kijana mwenye mapaja kama magogo, alikutwa na dawa iliyokatazwa. Alilia mbele yangu na nikajua anasema kweli: alinunua unga wa nguvu kwenye kopo zuri lenye picha ya simba, na aliyeuchanganya alitia alichotia. Sheria haiulizi ulijua au hukujua. Kilichoingia mwilini mwako ni chako. Alifungiwa, akatumikia adhabu yake, na leo ndiye anayezunguka kwenye vilabu na lile kopo tupu mkononi, akiwaonyesha vijana. Akiongea yeye dakika tano, hotuba zangu zote zinakuwa kelele. Nampenda yule kijana kuliko washindi wengi niliowapima.

Lakini mliponiita mlitaka habari ya Somoe, najua, kwa hiyo nisiwazungushe.

Somoe ni mwanamke wa Kimwera aliyelelewa na bibi yake mzaa mama kijijini Nyangamara, kwenye mikorosho. Alianza kukimbia kwa sababu shule ilikuwa mbali. Akakimbia mkoa, akakimbia taifa, akaanza kuitwa nje. Mwanariadha akifika hapo huwekwa kwenye kundi la wanaopimwa hata siku zisizo na mbio. Kila siku anatakiwa ataje mahali alipo na saa moja ambayo tukimfuata tutamkuta. Ukifika saa hiyo asipatikane, ni kosa. Makosa matatu ndani ya mwaka mmoja, anafungiwa sawa na aliyekutwa na dawa. Somoe alikuwa nyumbani kwa bibi yake akipumzika baada ya kambi, na alikuwa na makosa mawili tayari. Mbio kubwa kuliko zote alizowahi kualikwa zilikuwa zinakuja. Faili lilipofika mezani kwangu, Bwana Nassoro, ambaye wakati huo nywele zake zilikuwa zimebaki masikioni tu, alilisoma akasema: "Huyu akikosekana tena, amekwisha. Nenda wewe. Na usimpigie simu, unajua."

Nilijua. Tukipiga simu kabla ya kufika, kipimo si kipimo tena.

Niliwauliza wale maafisa wawili waliokwenda kabla yangu. Wote wanaume. Muuguzi wa kike walimwacha Lindi, wakiwa na mpango wa kumpakia Somoe garini na kumpeleka huko. Mara zote mbili bibi aliwaambia hayupo. Sasa ninyi fikirini: alfajiri, gari geni lenye vioo vyeusi, wanaume wawili na deli la bluu la kubebea chupa, wanamwambia bibi kizee wa Nyangamara kwamba wanamtaka mjukuu wake awape mkojo. Kwetu huku kusini mtu mzima haachi hata unywele wake kwa kinyozi bila kuangalia umeanguka wapi. Ukucha, unywele, jasho la kanga, mkojo: hivyo ndivyo mwenye husuda anavyokwenda navyo kwa mganga kumharibia mtu. Kama ningekuwa yule bibi, ningewamwagia maji ya moto.

Nikaenda na dereva. Tulilala Mingoyo, na asubuhi, jua likiwa halijachomoza vizuri, tukaingia Nyangamara. Saa ya Somoe ilikuwa ndiyo inaanza. Wanaume waliokuwa wakienda shambani na mapanga yao walisimama kutuangalia, halafu hawakuondoka. Nikavua kizibao, nikajifunga kanga yangu, nikaliacha deli garini, nikaenda mlangoni.

"Hodi hapa."

"Karibu." Akatoka mwanamke mwembamba, mrefu, macho makali. Huyo ndiye bibi. Kijijini wanamwita Binti Namangaya, kwa jina la baba yake, na ni kungwi; nusu ya wanawake wa pale aliwacheza unyago yeye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Somoe hayupo. Kaenda Milola kuzika."

Nilikuwa sijataja jina la mtu. Nikajitambulisha, nikasema nimetoka wapi na nimefuata nini, kwa adabu zote nilizofundishwa. Akanisikiliza mpaka mwisho kama anayesikiliza mvua. "Nimekwambia kaenda Milola."

Mwongozo wetu unasema afisa afanye kila juhudi ya busara kumpata mchezaji. Hauzitaji juhudi zenyewe. Sikuondoka pale, maana nilijua yule binti yumo ndani. Raba zake za mazoezi, zile pana za wakimbiaji, zilikuwa kizingitini, na bado zilikuwa na umande. Dereva, aliyekuwa amenifuata mlangoni, akanong'ona twende zetu, wanaume wamezidi. Wamezidi kweli, walikuwa wameshalizunguka gari. Saa ile ikiisha nimesimama nje, mimi ndiye nitakayeandika kosa la tatu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kabla sijawa afisa mimi ni Mmatumbi.

Nyie wa mjini utani mnauona mchezo. Kwetu mtani ni mtu ambaye anaweza kuingia jikoni kwako akafunua chungu, akakutukana mbele ya wakwe, na ukimfukuza aibu ni yako. Mtani ndiye anayezuia maiti yako isitoke mpaka alipwe, na ndiye anayelia kuliko wote ukishazikwa. Mmwera na Mmatumbi ni watani. Nikampita Binti Namangaya pale mlangoni, nikakaa kwenye kigoda chake cha ukumbini, nikanyoosha miguu.

"Loo, Wamwera," nikasema kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. "Nimesikia harufu ya panya wa kuchoma tangu Mingoyo, nikasema leo nimefika kwa watani nitakula. Kumbe mchoyo amejifungia naye chumbani. Haya, mleteni huyo panya, hata mkia nitapokea."

Wanaume wa nje wakaguna, halafu mmoja akacheka. Binti Namangaya akaweka mikono kiunoni. "Wewe kabila gani?"

"Mmatumbi wa Kilwa, nani asiyetujua?"

Kisha nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. "Mmatumbi. Ndiyo maana huna haya. Zamani mlikuja hapa mkawapa babu zetu maji, mkasema risasi za Mjerumani hazitapita. Zilipita. Leo mmerudi, mnataka mrudishiwe maji yenu?"

Ndani, nyuma ya mlango wa chumba, mtu alipasuka kicheko. Kilikuwa kicheko cha msichana aliyejiziba mdomo kwa nguo, akajitahidi, na nguo ikashindwa. Wanaume wakaangua, dereva akaangua, na bibi mwenyewe akageukia ukuta mabega yakimtikisika.

"Bibi," sauti ikasema kutoka chumbani, "mimi nimeshacheka. Keshanisikia. Natoka au sitoki?"

"Hujatoka," akasema bibi, na kicheko kikakatika. Akakaa chini mbele yangu, na sasa alisema bila mzaha. "Nimemwambia akitoka, radhi zangu hana. Barua zenu zimekuja, mtoto analia, najua. Lakini binamu yake alikuwa anacheza mpira, wakaja watu wakamtoa damu hospitali, wiki ile ile akavunjika mguu. Huyu ndiye niliyebaki naye. Mkojo wake mkiubeba, mnampelekea nani?"

Sasa ninyi mtaniambia ningemweleza habari za maabara. Nisingemaliza. Nilimwuliza swali moja tu, kama mtani, tena mtu mzima kwa mtu mzima. "Bibi, mganga akitaka kumtengeneza mtu, anauliza nini kwanza?"

"Jina."

"Jina tu?"

"Jina lake na jina la mama yake. Bila mama, dawa haimjui mtu."

Nikamwomba dereva aniletee deli. Nilikuwa natembea na chupa moja ya maonyesho, fikra ya Bwana Nassoro, ya kuwafundishia wachezaji wapya. Nikampa bibi mkononi. "Tafuta jina."

Akaizungusha. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akamwita kijana mmoja anayesoma aje kuangalia. Kijana akasema kuna namba tu. Nikamweleza: karatasi yenye jina la Somoe inakwenda ofisini, chupa inakwenda kwa wapimaji, na wapimaji hawaoni jina, hawajui ni wa Nyangamara au wa Ulaya. Wanapewa namba. Imewekwa hivyo makusudi, ili asipatikane wa kumpendelea wala wa kumwonea.

Akaipima ile chupa kiganjani. "Kwa hiyo mchawi akiikamata hii," akasema polepole, "atamwita nani?"

"Atamwita namba."

"Namba haina mama." Akalisema kwanza kwangu, kisha akalirudia kwa wale wanaume, kwa sauti ya kungwi anayetoa somo, na wakaitikia kwa vichwa kama wari. Lakini hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Akanifanya nifunge kifuniko, kikalia ta-ta-ta. Akajaribu kukifungua kwa mkono, kwa upindo wa kanga, kwa jino lake la pembeni. Akampa mwanamume mwenye mikono mikubwa kuliko wote, naye akashindwa. Halafu akageukia mlango wa chumba.

"Somoe. Toka. Radhi unazo."

Mlango ulifunguka kabla hajamaliza neno. Nikamtazama msichana, nikamwambia yale maneno tunayotakiwa kumwambia mchezaji uso kwa uso, kwamba amechaguliwa kupimwa, ndani ya saa yake.

Choo kilikuwa cha makuti, nyuma ya nyumba. Bibi akaja nasi kama mtu wa upande wake Somoe, jambo ambalo sheria inaruhusu, nikamwambia atasimama mlangoni na kutazama nje. Anayetazama ndani ni mimi peke yangu. Nguo inapandishwa kifuani, mikono wazi mpaka viwiko, chini mpaka magotini. Wasichana wengi hulia hapo. Bibi akasema bila kugeuka: "Mwangalie vizuri, mtani. Huyo nilimcheza mwenyewe, hana kasoro." Somoe akacheka tena, na mkojo ukaja kwa kicheko, wa kutosha na wa uzito mzuri. Nimekusanya maelfu, huo ndio niliofurahi nao kuliko yote. Akachagua chupa zake mbili, akamimina mwenyewe, akafunga mwenyewe, na bibi akawa anahesabu ta-ta-ta. Akauliza kwa nini mbili. Nikamwambia moja ikibishiwa, ya pili inafunguliwa itoe ushahidi. "Kama mashahidi wawili wa arusi," akasema. Wale wanaume walitusukumia gari mpaka barabarani, ingawa lilikuwa halijakwama.

Majibu yalikuja safi. Makosa yale mawili yakakaa mpaka muda wake ukaisha, yakafutika yenyewe. Na ofisini tulibadilika: mwanamke hasubiri tena mjini, anabisha hodi yeye, na chupa ya maonyesho inatangulia mbele ya deli. Mkienda kijijini, anzeni na bibi. Mchezaji mtamkuta nyuma yake.

Somoe alikimbia, akaanza kushinda, na watu wakaanza kusema. Ilisemwa huko nje, na kwetu pia ikasemwa, kwamba mtu wa mikorosho hawezi kukimbia vile bila kuchomwa kitu. Miaka ile alipimwa alfajiri, alipimwa baada ya mbio, alipimwa siku ya maulidi. Nilimpima mimi, walimpima wageni. Kila alipotiliwa shaka hakujibu neno. Alisema tu, waulizeni wenye chupa. Na chupa zikajibu, moja baada ya nyingine, safi. Hapo ndipo nilipoelewa alichoniambia Bwana Nassoro siku ile ya chai ya rangi, juu ya ushahidi wa asiye na kosa. Mungu amrehemu, hakuwahi kufika Nyangamara, lakini alikuwepo.

Mwezi huu, nikiwa mstaafu mpya nisiyejua asubuhi zangu nizifanyie nini, nilipanda gari nikaenda kwa Binti Namangaya na kapu la samaki wa ng'onda, maana mtani haendi mikono mitupu, hurudi mikono mitupu. Walikuwa wametoa televisheni ukumbini, imeunganishwa na umeme wa jua, na kijiji kizima kimekaa. Mbio zilikuwa za mji mkubwa wa ng'ambo, mvua inanyesha huko. Walibaki watatu, wakabaki wawili. Kwenye kona ya mwisho Somoe alimtazama mwenzake mara moja, akainamisha kichwa kidogo kama anayeingia mlango mfupi, akaondoka. Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka nilikuwa nimemshika Binti Namangaya mkono na sote tulikuwa tunalia, na Somoe alipokata utepe, yule kizee alipiga vigelegele vikatoka nje ya nyumba vikajibiwa na majirani wasiokuwa na televisheni.

Alikuwa bado anahema, bendera ya taifa begani, wakati mwanamke mmoja mwenye kizibao alipomkaribia, akamwonyesha kitambulisho na kuanza kumfuata hatua kwa hatua. Ukumbi ukachafuka.

"Huyo naye nani, anamfuata nini?" kijana mmoja akasema. "Kashinda, wamwache apumzike."

"Nyamaza," akasema Binti Namangaya. "Huyo mtani. Kaja kuchukua maji."

Tukamwona Somoe anamgeukia yule mwanamke, anamcheka, anamshika mkono kama mtu wa kwao, wanatoka pamoja kwenye kioo. Bibi akaniinamia sikioni. "Mtani, yule mzungu anamjua mwanangu jina?"

"Bibi, leo dunia nzima inamjua."

Akaketi vizuri, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Jina walijue, na la mama yake niwatajie mimi mwenyewe," akasema. "Kwenye chupa waandike namba."